Uzito na Kuelea: Mfano wa Mlango wa Ruvuma

Neno "uzito" hubeba maana mbili ambazo elimu ya fizikia haina budi kuzitenganisha: uzito wa kitu kizima, na uzito wake ukilinganishwa na ujazo wake. Tofauti hiyo yaonekana katika mlango wa mto Ruvuma, kusini ya Mtwara. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi. Ya maji ya mto, kilo 1,000. Chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Ndiyo kanuni ya Archimedes. Basi dau lenye kilo 4,100 pamoja na shehena husukuma mita 4 za ujazo baharini, na 4.1 katika maji ya mto. Uzito wake ni ule ule, lakini hutitia zaidi; likiwa limejazwa kupita kiasi, hapo ndipo penye hatari. Kwa sababu iyo hiyo maji matamu hutanda juu mlangoni, na ya chumvi hupenya chini yake.

Mwalimu asemaye tu kwamba "kizito huzama" hataweza kueleza meli ya chuma. Istilahi "densiti", au maneno "uzito kwa ujazo", huondoa utata huo.