Je, Wajua Bisibisi Nzuri ya Umeme Ni Ile Isiyo na Nguvu?

Nyingi kati ya bisibisi ndogo za umeme, zile za kufungulia simu, redio na taa za sola, hazivuki newtoni-mita 0.2. Ni sawa na kuning'iniza kilo mbili kwenye mkono wa sentimita moja. Inatosha kabisa. Skrubu ya simu ina unene wa milimita moja na ushei, tena mara nyingi imeshika kwenye plastiki. Ukiiendea na drili ya seremala, hesi zinasagika kabla hujaachia kitufe. Fundi mzoefu huiachia mota kazi ya kuzungusha tu, na kukaza kwa mwisho humalizia kwa mkono. Basi dukani, zima mota, kisha jaribu kuizungusha kama bisibisi ya kawaida. Mhimili usipojifunga, mrudishie mwenye duka.

Je, wajua alama ya msalaba kichwani mwa skrubu si ya aina moja? Ule uliozoeleka una jina la Henry Phillips wa Portland, Oregon, aliyepata hataza zake mwaka 1936. Simu za Android, Tecno na Itel zikiwemo, kwa kawaida hufunguka kwa ncha ndogo za Phillips, PH00 au PH000. Vifaa vingi vya zamani vya Kijapani vina msalaba wao, na mara nyingi huutambua kwa kitone kidogo kichwani; ukilazimisha ncha ya Phillips, inateleza na kuukwangua. Apple nao, mwaka 2009, walileta skrubu ya petali tano kwenye betri ya MacBook Pro, baadaye wakaihamishia kwenye iPhone. Sababu? Mwenye simu asijifungulie mwenyewe, ndivyo ninavyoona mimi.

Seti yenye ncha mia inavutia macho, lakini nyumbani utatumia sita au saba. Heri chache za chuma kigumu kiitwacho S2. Pima na shina la kila ncha: hizi ndogo zina milimita 4, za drili 6.35, hazivaliani.

Kwa mtu wa Adumi, au kijiji chochote cha Arua na Koboko nchini Uganda kinachotegemea sola, chaji ndiyo habari kubwa. Bisibisi inayochajiwa kwa volti 5 za USB huingia kwenye tundu lile lile la kuchajia simu. Na hapa pana kioja: baadhi ya zile za bei nafuu, ingawa zina tundu la Type-C, hukataa waya wenye Type-C pande zote mbili. Hutaka ule wa zamani, wenye kichwa kipana upande mmoja, ambao ndio unaoingia kwenye maboksi mengi ya sola.

Jingine: ndani ya iPhone, skrubu mbili zinazokaa jirani huweza kupishana urefu kwa sehemu ya milimita tu. Ukizibadilisha nafasi, ile ndefu huweza kutoboa bodi na kukata njia za umeme zilizo chini yake. Chora simu kwenye karatasi, kila skrubu uibandike kwa selotepu mahali ilipotoka.