Mamba wa Rusizi hana pasipoti

BUJUMBURA – Ukitoka mjini kwa barabara ya Uvira, kabla hujafika mpaka wa Kongo, utaona mkono wa kushoto matete marefu yanayokwenda hadi majini. Hapo Mto Rusizi, unaoanzia Ziwa Kivu, huingia Ziwa Tanganyika. Ndipo wanapoishi viboko na mamba, ambao Warundi huwaita ingona.

Wageni wengi humuulizia Gustave tu. Mamba huyo, aliyekadiriwa kufikia mita 6, alivuma kupitia Mfaransa Patrice Faye, aliyejaribu kumnasa kwa kizimba cha chuma akashindwa. Husemwa ameua watu 300. Hakuna aliyethibitisha hesabu hiyo, na kwa maoni yangu imetusahaulisha jambo kubwa zaidi: maji.

Tangu mwaka 2020 ziwa limefurika mara kadhaa na kumeza nyumba na mashamba ya Gatumba, jirani kabisa na hifadhi. Aprili 2024 serikali ya Burundi iliomba msaada wa kimataifa. Tanganyika hupokea mito mingi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja, Mto Lukuga, kule Kalemie. Mvua zikizidi, maji hurudi kwa watu, na mnyama huyafuata. Kiboko hutoka usiku kutafuta nyasi. Malisho yake yakizama, hutafuta kwingine, hata bustanini kwa mtu. Mamba naye hahitaji zaidi ya maji ya kumficha, na anayechota maji hapo hawezi kumwona.

Delta hii iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002. Upande wa Burundi inalindwa na shirika la mazingira, OBPE. Ukivuka mpaka, uko Kongo, chini ya sheria nyingine. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa ziwa mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake papa hapa Bujumbura. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Vikao basi havikosi pa kufanyika. Swali la kupeleka huko ni moja: mvuvi wa Uvira akijeruhiwa na mamba aliyeamkia Burundi, familia yake ibishe hodi ofisi ipi?