Je, Wajua? Harufu Hunaswa Kwenye Paa la Pua

Katika soko la samaki la Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, mnunuzi anayejua kazi yake hanunui ndagala kwa macho peke yake. Huchota wachache kwenye kiganja, huwasugua kidogo kwa kidole gumba, huwasogeza puani, kisha huvuta hewa mara mbili tatu kwa haraka. Ndagala waliokaushwa vizuri juani wana harufu kali lakini safi. Walionyeshewa na mvua wakiwa wameanikwa, au waliokaa guniani mpaka mafuta yao yakachacha, hujulikana papo hapo, na bei hushuka.

Wengi hudhani kazi hiyo hufanywa na pua nzima. Sivyo. Mianzi ya pua ni mlango tu. Vinyweleo vyake huzuia vumbi, na kuta za ndani zenye unyevu huipasha hewa joto kabla haijafika mapafuni. Tishu inayonusa iko mbali zaidi: takriban sentimita 7 kutoka kwenye tundu, juu kabisa, kwenye paa la pua, karibu usawa wa macho. Imelifunika paa hilo, ikashuka kidogo kwenye sehemu ya juu ya ukuta unaogawa pua kulia na kushoto, na pia kwenye mfupa wa juu kati ya mifupa iliyojikunja iliyo upande wa nje wa kila tundu. Hata ukijumlisha pande zote mbili, eneo lake ni sentimita za mraba chache tu. Rangi yake ni ya manjano inayoelekea kahawia, ilhali sehemu kubwa ya ndani ya pua ni nyekundu ya waridi.

Mahali hapo pako kando ya njia kuu ya hewa. Mtu anapopumua kwa utulivu, hewa nyingi hupita chini na katikati ya pua ikielekea kooni. Inayofika paani hukadiriwa kuwa asilimia 10 hivi. Ndiyo maana mnunuzi wa ndagala huvuta hewa kwa nguvu na kwa vipindi vifupi. Kufanya hivyo huipandisha juu hewa nyingi zaidi, mpaka pale inapohitajika.

Ndani ya tishu hiyo zimo seli za neva mamilioni kadhaa. Kila seli ina vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vilivyozama ndani ya ute mwembamba. Molekuli ya harufu lazima iingie kwenye ute huo ndipo ivifikie vipokezi vilivyo juu ya vinyweleo. Upande wake mwingine, seli hutoa uzi unaopanda kupitia mfupa wenye matundu madogo kama chekeche, na kuingia ndani ya fuvu hadi sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Seli ileile iliyoguswa na harufu puani ndiyo inayoufikisha ujumbe kwenye ubongo. Hakuna seli nyingine ya kupokezana katikati.

Mwaka 1991, Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walitangaza ugunduzi wa familia kubwa ya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu. Mwaka 2004 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Leo inajulikana kwamba binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vinavyofanya kazi, na kwa kawaida kila seli ya neva hubeba aina moja tu. Harufu moja huamsha aina kadhaa kwa pamoja, na ubongo huusoma mchanganyiko huo. Kwa njia hiyo tunatofautisha samaki mbichi na mkavu, mihogo iliyolowekwa, na moshi wa makaa.

Wapo viumbe waliojaliwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba tembo wa Afrika ana jeni za vipokezi vya harufu karibu 2,000. Huko Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO lililo katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na pia makohozi ya watu wenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020.

Hata hivyo, paa la pua ya binadamu si la kudharauliwa. Chukua mfano wa Ziwa Tanganyika lenyewe. Kina chake hufikia mita 1,470 hivi, na ukishapita mita 100 hadi 200 oksijeni huisha. Maji ya huko chini yana gesi ya salfidi hidrojeni, yenye harufu ya yai viza. Pua huitambua gesi hiyo hata ikiwa kidogo mno hewani. Lakini ikizidi sana, hulemaza uwezo wa kunusa, na mtu akadhani imekwisha. Gesi hiyohiyo hujikusanya kwenye mashimo marefu ya vyoo. Kwa anayefanya kazi karibu na shimo la namna hiyo, harufu kukatika ghafla ni dalili ya hatari, wala si ya usalama.

Na kuna hatari ambazo pua haizioni kabisa. Kalemie ni miongoni mwa miji ambayo kipindupindu hurudi mara kwa mara. Vimelea vyake vinaweza kuwamo katika maji ya ziwa au ya mto Lukuga yasiyo na harufu yoyote mbaya. Maji yasiyonuka yanahitaji kuchemshwa au kutiwa klorini sawasawa na yanayonuka.

Paa la pua hufikiwa pia kwa njia ya nyuma. Unapotafuna bukari kwa sombe na ndagala, mvuke wa chakula hupanda kutoka kooni hadi kwenye tishu ileile. Ulimi hutambua chumvi, utamu, uchachu, uchungu na ladha ya mchuzi ulioiva. Sehemu kubwa ya ladha iliyobaki ni kazi ya pua. Mafua yakiziba njia, chakula kizuri huonekana hakina ladha.

Tishu hii ina bahati moja: chini yake zimo seli zinazozalisha seli mpya za neva maisha yote. Wakati wa UVIKO-19, watu wengi walipoteza uwezo wa kunusa kwa sababu virusi vilishambulia hasa seli zinazozitegemeza neva hizo. Wengi walipona baada ya wiki au miezi. Pigo la kichwa ni gumu zaidi. Katika ajali ya pikipiki, zile nyuzi zinaweza kukatika pale zinapopita kwenye mfupa, hata kama pua haikuvunjika, na si kila mtu hurudishiwa harufu. Kofia ngumu huilinda pua pamoja na ubongo.

Kwa hiyo, msomaji, ukipoteza harufu na isirudi baada ya wiki chache, nenda ukamwone daktari. Lipo pia zoezi lililopimwa na Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2009: kunusa waridi, limau, mkaratusi na karafuu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Waliolifanya zoezi hilo walipata nafuu kuliko wasiolifanya. Limau, mkaratusi na karafuu vinapatikana kwetu kwa bei nafuu. Anza navyo, na usikate tamaa mapema.