Fahamu: Zana za bure za kumsaidia mwalimu kuandaa slaidi
Tangu mwaka 2016, Serikali ya Kenya ilipoanza kugawa vishikwambi, vipakatalishi na projekta katika shule za msingi za umma, suala linalomkabili mwalimu wa Mosocho, na wenziwe wa kwingineko katika kaunti za Kisii na Nyamira, si tena iwapo slaidi zafaa darasani, bali ni kwa zana gani atazitengeneza pasipo kutoa senti mfukoni mwake.

Google Slides haina malipo, nayo huwaruhusu walimu kadhaa kuhariri somo moja kwa pamoja. Canva ya Australia huwapa walimu wa msingi na sekondari toleo lake la elimu bure, ilmuradi wathibitishe kazi yao. Lakini zote mbili aghalabu hutegemea mtandao, na bando ni taklifu. Kwa hiyo naiona LibreOffice Impress kuwa ndiyo yenye manufaa zaidi kwetu, kwani hupakuliwa mara moja, kisha hufanya kazi bila intaneti, na hufungua hata mafaili ya PowerPoint.

Chukua mfano wa somo la jiwe la sabuni la Tabaka, kaunti ya Kisii: mwalimu apiga picha kwa simu, tatu zatosha, ya machimbo, ya fundi akichonga, na ya sanamu iliyosuguliwa kwa maji hata ikang'aa, kila moja aiweka katika slaidi yake, herufi zikiwa kubwa kiasi cha kusomeka na mtoto wa dawati la nyuma, kisha hulihifadhi somo kwa muundo wa PDF, ambao hufunguka hata katika simu. Umeme ukikatika kwa mvua ya alasiri, simu hiyo yaweza kupitishwa kikundi kwa kikundi, na somo likaendelea.