Fedha Mkononi, Bati Juu ya Nyumba

Wako wanaoshikilia kwamba maskini akipewa fedha taslimu ataishia kilabuni. Huko Rarieda, Siaya, magharibi mwa Kenya, jamaa zilizopewa fedha bila masharti mwaka 2011 na 2012 hazikuzidisha pombe wala tumbaku. Zilinunua ng'ombe, zikaezeka bati badala ya nyasi. Na kila mwanakijiji ajua jinsi nyasi zinavyodai kuezekwa upya mara kwa mara.

Kisha, kati ya mwaka 2014 na 2017, kaya zaidi ya 10,000 za Siaya zilitumiwa kwa simu, kwa awamu, karibu dola 1,000 kila moja. Safari hii wenye maduka na vibarua, ambao wao wenyewe hawakupewa hata senti, nao waliongeza mapato, na bei sokoni zilipanda kidogo mno.