Kibali Ambacho Zamu ya Usiku Haikukiona

Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland, mafundi waliing'oa vali ya usalama ya pampu A ili ikapimwe. Saa 12 jioni zamu ilikwisha, kazi bado. Wakaziba tundu kwa bamba la chuma, kibali cha kazi kikaandikwa kuwa kazi imesimama, watu wakaenda kupumzika.

Karibu na saa 4 usiku pampu B ilizima, ikagoma kuwaka. Bila pampu ya kusukuma gesi oevu, umeme wa jukwaa zima ungekatika. Waliokuwa zamu wakatazama makaratasi ya pampu A na kukuta kibali cha matengenezo makubwa ambayo hayajaanza. Kwa hiyo pampu ni nzima. Kile cha vali hawakukijua. Vibali vya kazi zilizosimamishwa viliwekwa ofisi ya usalama, si chumba cha kuendeshea mitambo, na katika makabidhiano ya zamu hakuna aliyeitaja vali hiyo. Yenyewe ilikaa juu, mbali na macho ya mtu aliyesimama kwenye pampu. Wakaiwasha. Gesi ikapenya pembeni mwa bamba, ikalipuka.

Walikufa watu 167. Majukwaa jirani ya Tartan na Claymore, yaliyounganishwa na Piper kwa mabomba, yaliendelea kusukuma mafuta kwa muda huku moto ukionekana, kwa kuwa amri ya kusimamisha ilichelewa.

Jaji Cullen, aliyeongoza uchunguzi, alitoa ripoti mwaka 1990 yenye mapendekezo 106. Ukiisoma habari hii kwa makini, kinachouma zaidi ni kwamba hakukuwa na siri. Mchana ule walikuwapo watu waliojua kabisa kwamba pampu A haifai kuwashwa. Walijua, waliandika, wakasaini. Maarifa yalikuwa umbali wa ngazi chache tu kutoka kwa aliyeyahitaji.

Kama zamu mbili za siku moja zinaweza kupotezana hivyo, je, miaka 20? Swali hilo lilimshughulisha Trevor Kletz, mkemia wa kampuni ya ICI ya Uingereza, aliyefanywa mshauri wa usalama mwaka 1968 baada ya kampuni hiyo kupata ajali kadhaa mbaya. Kletz aliona kuwa kiwanda hakina kumbukumbu. Wenye kumbukumbu ni watu, nao huhama, hupanda vyeo, hustaafu. Dawa yake ilikuwa nyepesi: jarida dogo la kila mwezi, lenye visa vifupi vya ajali na chanzo chake, bila kutafuta wa kulaumiwa. Likavuka mipaka ya ICI, likasomwa hata na kampuni nyingine. Alisisitiza pia kwamba kila kanuni iandikwe pamoja na ajali iliyoizaa, maana meneja mpya asiyejua sababu yake ataifuta akidhani ni usumbufu.

Wenye ndege walijifunza kwa gharama yao umuhimu wa kusambaza habari kama hizo nje ya kampuni moja. Desemba 1, 1974, ndege namba 514 ya shirika la TWA iligonga mlima ikikaribia uwanja wa Dulles, nje ya Washington, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Wiki chache tu nyuma, marubani wa shirika jingine, United, walikuwa wameponea chupuchupu mahali hapo hapo, kwa kutoelewa vizuri ruhusa ya kushuka, kama ilivyowatokea wale wa TWA. United iliwaonya marubani wake. Wa TWA hawakuambiwa.

Mwaka 1976 Marekani ikaanzisha mfumo wa kuripoti matukio ya namna hiyo. Ripoti hupelekwa kwa shirika la anga za juu, NASA, si kwa mamlaka yenye rungu la kutoza faini, na majina hufutwa. Aliyekosea bila kukusudia, akaripoti ndani ya siku 10, kwa kawaida haadhibiwi. Ripoti zilizokwisha kuingia ni zaidi ya milioni moja, na visa teule huchapishwa kila mwezi visomwe na yeyote, bure. Ni vigumu kumlazimisha mtu aseme "nusura niue watu". Ni rahisi zaidi kumwondolea sababu ya kunyamaza.

Huku kwetu sheria za usalama kazini zipo. Nchini Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya. Lakini kamati inamjua mwajiriwa. Kibarua anayesimama getini alfajiri na kulipwa jioni hupita katikati ya vidole vya kamati hiyo. Mashine inayong'ata anaijua vizuri, pengine kuliko msimamizi, na siku asipoitwa anaondoka na habari hiyo.

Ndiyo maana viwanda vingi haviachi jambo zito kwenye midomo na makaratasi peke yake. Fundi anayeingia ndani ya mashine huifunga swichi kuu kwa kufuli lake mwenyewe, lenye kibandiko cha jina, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Wakiwa watano, makufuli matano. Zamu ikibadilika, anayeingia huweka la kwake kwanza, ndipo anayetoka alitoe lake, na hapo wawili hao hawana budi kuonana uso kwa uso mbele ya swichi na kuambizana kazi imefikia wapi.