Mtambo wa Makonyo Unapokatika Mawasiliano



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini makonyo yenu yalikaa kiwandani siku nyingi kabla ya kukenekwa. Ni haki yenu kujua. Sababu haikuwa kuni wala maji, bali kidhibiti, yaani ile kompyuta ndogo iliyomo katika kabati la chuma, ambayo hupima joto na kuongoza pampu ya maji ya kupoozea. Ilikuwa ikikatika mawasiliano na chumba cha mwangalizi: mara mbili usiku, kisha kimya siku tatu, kisha mara tano kwa saa moja. Ikikatika, mwangalizi hajui kama maji yapita au hayapiti. Yasipopita, mvuke hutoka bila kupoa na mafuta hupotea nao hewani. Basi hapana budi azime moto, na kuanza tena ni kazi ya saa nyingi.

Kosa la namna hii ni gumu kuliko kuharibika kabisa, maana fundi akifika hulikuta halipo. Nasi tulianza vibaya: tulinunua kidhibiti kipya, na kosa likabaki vile vile. Ndipo tuliposhika utaratibu.

Kwanza, daftari. Mwangalizi aliandika saa na dakika ya kila mkatiko, na kazi iliyokuwa ikifanyika wakati huo. Baada ya wiki moja daftari lilitwambia kwamba mikatiko mingi hutokea pampu kubwa inapoanza.

Pili, waya. Waya wa mtandao ulilazwa sambamba na waya wa umeme wa pampu. Pampu hiyo ina kifaa cha kubadili mwendo wa mota, nacho huvuruga mawasiliano ya waya ulio jirani. Tuliutenga, na pale zinapokutana tukazipitisha kwa msalaba. Tuliupima na urefu, kwani waya wa shaba wa kazi hiyo haufai kuzidi mita 100. Vichwa vyake vilikuwa vimeliwa na hewa ya chumvi, tulivibadili. Mikatiko ikapungua, lakini haikwisha.

Tatu, kazi ya kidhibiti chenyewe. Kidhibiti hiki kina sharti la muda: lazima kisome joto na kutoa amri bila kuchelewa. Kujibu mtandao ni kazi ya daraja la chini. Kikilemewa huacha kujibu, na watu husema mtandao umekatika, kumbe chenyewe kimo kazini. Programu yetu ilikuwa ikisoma joto mara 1000 kwa sekunde, hali joto la tangi haligeuki upesi hivyo. Tuliishusha hadi mara 10.

Matatizo haya si yetu peke yetu. Tarehe 19 Agosti 2006, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, Marekani, pampu mbili za kuzungusha maji zilisimama kwa sababu vidhibiti vyake vilizidiwa na wingi wa ujumbe mtandaoni. Waendeshaji waliuzima mtambo kwa mkono. Kwa funzo hilo, tumetenga mtandao wa mtambo na ule wa ofisi.

Tangu hapo hadi tunapoandika, daftari halina mkatiko hata mmoja. Hata hivyo, usalama wa bwela hatuutegemezi mtandao: vali ya kupunguzia mvuke na kitufe cha kuzimia hufanya kazi hata waya wote ukikatwa, nasi huvijaribu kila Jumatatu.

Gharama ya kidhibiti tulichonunua kwa haraka ni kosa letu, nasi twaomba radhi. Kimewekwa akiba. Daftari liko kiwandani, na mwanachama yeyote aletaye makonyo aweza kulisoma. Ombi letu ni moja: magunia yasiwekwe juu ya waya.